Mkanda Nilioupata Amani

Nakwambieni mapema: asiyetaka kuamini asiamini, lakini asinikatize. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mwaka huu huu, na akili zangu timamu. Sinywi, sivuti, na siku ile sikuwa hata na homa.

Mimi ni fundi wa hoteli moja kule Kiwengwa. Bomba likivuja naitwa mimi, jenereta likigoma naitwa mimi. Bustanini tuna mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia kama trekta dogo, na dereva wake alikuwa Makame, rafiki yangu tokea tunasoma Kurani chuoni kwa mwalimu mmoja. Basi mkanda wake ukakatika, ule unaochukua nguvu kwenye injini kupeleka kwenye magurudumu. Meneja ana harusi ya wageni pale pale uwanjani, majani yameshafika vifundoni. Akanambia nisirudi bila ya mkanda.

Nikauvaa mkanda mbovu begani, nikapanda vespa mpaka mjini. Jamani, nilivyozungushwa! Madukani Darajani wananipa wa gari. Mwengine ananipa wa mashine ya kusaga. Mmoja alininyooshea wa cherehani, nusura nimtukane. Urefu ukikubali, upana unakataa. Vyote viwili vikikubali, basi ni mpira mtupu, hauna kitambaa juu yake, na huo unang'ang'ania puli, kile kigurudumu kinachouzungusha, hata ukikanyaga breki, mashine inajiendea yenyewe. Hilo nnalijua vizuri, ndiyo maana sikutaka kubeba chochote tu ilimradi.

Nikaishia Amani, nyuma ya uwanja wa mpira. Maduka yanafungwa, magharibi inaadhiniwa. Kwenye baraza ya duka lililokwisha kufungwa kakaa bibi mmoja kavaa ukaya, ile shela ya kizamani, anasuka ukili, ule utepe wa ukindu wanaoshonea mikeka. Nikamwamkia, adabu ninayo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huo wa begani umeshakufa. Wako huu hapa."

Akautoa kwenye pakacha. Mkanda mpya! Nikaulinganisha na ule wangu: upana ule ule, kitambaa juu, kila kitu. Nikamuuliza bei. Akasema hataki kitu.

"Kwenye bustani yenu, kona ya ukutani, pana kaburi. Tokea ukuta ujengwe, watu wake hawapati njia ya kuja kulisafisha. Mashine inapita juu. Nipalilie kwa mkono, na mashine isifike tena pale."

Sasa niulize: nilimwambia nafanya kazi wapi? Nilimwambia mkanda ni wa mashine gani? Hata! Lakini mtu aliyehangaika tokea asubuhi, maswali hayo hayamjii. Nikamjibu tunavyojibizana dukani: "Wallahi bibi, kesho asubuhi, kabla mashine haijawaka."

Na sisi watu wa Unguja tunavyoapa! Samaki wa jana unaambiwa wa leo, wallahi. Mtu anakwambia yuko njiani anakuja, wallahi, na bado yuko kitandani. Mimi nikaapa hivyo hivyo. Nikageuka kuufunga mkanda kwenye vespa, nilipotazama tena, baraza tupu. Nikasema labda kaenda kusali.

Usiku nikaufunga kwenye mashine, ukaingia bila ya taabu yoyote. Kulipokucha nilikuwa hoi. Kaburi nililikumbuka, siwadanganyi. Nilisema moyoni, ah, nitapalilia jioni. Makame akanambia, "Nenda kalale stoo, yakhe. Mimi nitakutazamia." Nilitakiwa nimwambie maneno mawili tu: kona ile usiifike. Nikaona haya. Atanicheka, ati fundi mzima katumwa na kizee cha barazani. Nikaenda kulala.

Nikaamshwa na ukelele. Mashine imepanda mawe ya pale konani, imepinduka, na mguu wa Makame uko chini yake. Tukamtoa, wenzangu wakamkimbiza hospitali, mimi nikabaki kuifungua mashine. Kwenye puli hamna mkanda. Mna ukili, bado mbichi, umeshonwa duara kwa sindano, ncha kwa ncha. Niaminini. Kwa mikono hii niliuchomoa.

Nikautia ndani ya shati. Meneja alipokuja kuuliza, nikasema mkanda umeruka, hauonekani, lakini mashine nzima, haikuwa na kosa. Sikusema kosa la nani. Hapakuwa na haja, maana alibaki mtu mmoja tu wa kulaumiwa.

Makame amekatwa mguu chini ya goti, na kazi wamemwachisha. Nilipokwenda kumtazama kwao, akaanza mwenyewe.

"Unajua kilichonipata? Nilisikia mwanamke anaita nyuma yangu, 'Fundi wa mkanda! We fundi wa mkanda!' Nikajua wanakutafuta, na wewe umelala. Nikageuza shingo nikaitika, naam, ili wasikufuate stoo. Kanyaga breki, wapi! Mashine haisimami." Akacheka, masikini. "Nilikuitikia wewe, ndugu yangu."

Nikafungua mdomo nimwambie. Mkewe akaniletea chai, akanishukuru kwa kuja, nikainywa yote. Mpaka leo sijamwambia. Naona haya, na naogopa, na kila nikimwona anaruka na gongo lake natamani ardhi inimeze.

Lile kaburi sasa nalipalilia kila Ijumaa, kwa mkono, na Fatiha nasoma. Nikiinama pale natega sikio. Nataka yule bibi aniite, nimwitikie mwenyewe, anifanye atakavyo. Haniiti.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukimuahidi mtu jambo, hata kama humjui, litimize kabla hujalala. Akija kudai na wewe hupo, atamchukua yeyote atakayeitika. Na atakayeitika kwa ajili yako ni yule anayekupenda.