Msimu wa Mwalimu Kutoka Ng'ambo

Msimu uliotangulia tuliponea chupuchupu kushuka daraja. Kocha wetu, mtumishi wa serikali kutoka mkoa mwingine, alihamishwa mara ligi ilipokwisha, akapanda treni bila kutuaga vizuri. Tulikuwa wachezaji ishirini na wawili tunaolipwa mshahara kwa kucheza mpira, jambo adimu kwetu huku mwisho wa reli, na kila mmoja alijua kwamba tukishuka, kazi imekwisha. Mimi nilikuwa beki wa kati na nahodha kwa miaka sita. Umri wangu ulikuwa thelathini na mbili. Asubuhi nilikuwa karani wa ghala bandarini, jioni nilikuwa uwanjani.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Siku moja alikwenda Kagunga, kijiji cha mpakani ziwani, kununua mzigo, akakuta ufuko umejaa watu waliokimbia vita Burundi. Katikati yao akamwona mwanamume mrefu, mwembamba, amekaa juu ya begi lake, akamtambua. Miaka ya nyuma mwenyekiti alipokuwa akipeleka dagaa Bujumbura, Jumapili alikwenda kutazama mpira, na mtu huyu ndiye aliyekuwa akifundisha timu iliyowafunga wenzake wote. Barua zikaandikwa, ofisi zikapitiwa, mwishowe akapewa kibali cha kukaa nje ya kambi, cha kuongezwa muda kila mwezi. Klabu ikampangia chumba Ujiji, nyumba ya tatu kutoka kwa mama yangu.

Siku ya kwanza hakutupa mpira. Alizunguka uwanja kwa hatua, akihesabu kimya kimya, kisha akarudi akasema boksi la upande wa ziwa ni fupi kwa hatua mbili kuliko lile la upande wa mlima. Mzee aliyekuwa akipaka chokaa mistari akakataa katakata. Walipopima kwa kamba ikaonekana ni kweli. Miaka yote ile tulikuwa tukicheza kwenye uwanja uliopinda, na hakuna aliyejua.

"Sasa tuanze," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila kilibeba Kirundi ndani yake, na sisi Waha, wenyeji wa hapa, tulikisikia kama sauti ya mjomba.

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alitufundisha kupasiana bila kuitana, maana alisema tunapoitana tunamwambia adui mpira unakokwenda. Wiki mbili tulicheza kama mabubu. Wiki ya tatu akaninyang'anya unahodha, akampa kiungo mmoja wa kijiji cha Mwamgongo, kijana wa mguu wa kushoto aliyekuwa haongei na mtu. Mechi ya pili ya ligi nikajikuta benchi.

Nilimfuata baada ya mazoezi. "Mwalimu, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu," akasema. "Miguu imechoka. Macho bado mazima. Nataka ukae pembeni yangu uniambie unachokiona."

Nilichukia. Nilikwenda kwa mama nikitaka anihurumie, nikamkuta amempakulia yule mwalimu ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, wanazungumza Kirundi wawili hao, wanacheka. Mama alizaliwa ng'ambo ya mto Malagarasi, upande wa Burundi, akaolewa Ujiji akiwa msichana, na kwa miaka arobaini hakuwa na mtu wa kuongea naye lugha ya kwao hivyo. Kiha kinakaribiana nacho, lakini alisema si sawa. Nilikula nikiwa nimenuna. Wala hawakunijali.

Nikakaa benchi, basi. Kidogo kidogo chuki ikaniisha, kwa sababu alikuwa ananiuliza kweli na kunisikiliza. Nikimwambia beki wao wa kulia anachelewa kugeuka, dakika tano baadaye mashambulizi yetu yote yanapita huko. Tukaanza kushinda. Tuliwafunga watu waliokuwa wakitufunga tangu nikiwa shule. Ugenini walituzomea kwamba ni timu ya wakimbizi, mwalimu akatuambia tusiwajibu, akatuonyesha tu nafasi za kusimama. Zilipobaki mechi tatu tulikuwa wa tatu, na waliokuwa wanapanda daraja ni wawili. Mjini watu walitusimamisha njiani kutushika mikono.

Kuna jambo ambalo wachezaji wengine hawakulijua. Alipovuka hakuwa peke yake. Kwenye ufuko wa kwao mitumbwi ilikuwa michache na watu wengi, mkewe na binti yao wakapanda mmoja, yeye akapanda uliofuata. Wake ulifika Kagunga. Ule mwingine hakuuona tena. Kila Ijumaa asubuhi alikwenda Kibirizi kuwauliza mabaharia wa mitumbwi ya dagaa, na baada ya muda akaniomba niwe naye, kwa sababu akiongea mwenyewe watu walimkwepa. Nilikuwa nauliza mimi, yeye amesimama nyuma yangu. Mwanamke mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, na mtoto wa kike wa miaka minane. Wengine walisema hapana. Wengine walisema mitumbwi mingi ilizama siku zile. Mmoja akasema upepo uliisukuma mingine kusini, watu wakachukuliwa na malori hadi kambi za upande wa Kasulu. Mwalimu alikwenda kwenye ofisi zilikobandikwa orodha za majina ya wakimbizi, akasoma kila karatasi kwa kidole. Jina la mkewe halikuwepo.

"Labda nikaulize kambi kwa kambi," aliniambia njiani.

"Maliza ligi kwanza," nikamjibu. "Zimebaki wiki chache."

Akatazama ziwani, halafu akasema sawa. Maneno yale niliyatamka kirahisi kama mtu anayemwambia mwenzake asubiri chai ipoe.

Kisha ikatoka amri kwamba wakimbizi wote walioko nje warudi kambini. Magari yakaanza kupita Ujiji na vijiji vya ziwani kukagua. Waliokamatwa hawakuwa wageni peke yao. Waha pia walikamatwa, watu waliozaliwa hapa, kwa sababu maofisa wengi walitoka mikoa ya mbali na sikio lao halikuweza kutofautisha Kiha na Kirundi. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu alikaa siku nne ndani mpaka mumewe alipoleta mashahidi. Mama aliacha kwenda sokoni. Nami nikaanza kuogopa, ingawa sikumwambia mtu.

Kibali cha mwalimu kiliisha katikati ya mambo hayo, na ofisi haikuwa inaongeza vibali tena. Mwenyekiti akaandika barua kwamba klabu inamhitaji mpaka mwisho wa msimu, akaipiga muhuri, akanikabidhi mimi, kwa sababu tulikuwa tunakwenda Tabora kwa mechi na yeye angetufuata baadaye.

Tulifika stesheni saa tisa mchana. Mlangoni mwa jukwaa wamesimama maofisa watatu, mmoja na daftari.

"Nyie ni kina nani?" akauliza mwenye daftari.

"Timu ya mpira, mzee," nikasema.

Akatupitisha mmoja mmoja. Aliponifikia akaniuliza kabila, nikasema Muha. Akamgeukia mwalimu. Mwalimu akatoa kibali chake, akampa kwa mikono miwili.

"Hiki kimeisha siku tisa zilizopita."

"Ndiyo, bwana. Klabu imeandika barua."

Ofisa akatutazama wote. "Nani mdhamini wake hapa? Aje aandike jina lake, kijiji alichozaliwa, na walikozaliwa baba yake na mama yake. Halafu tutaona."

Wenzangu wakanitazama. Barua walijua iko kwenye begi langu. Yule kiungo wa Mwamgongo akasogea hatua moja, ofisa akamwambia, "Wewe kijana kaa nyuma, nataka mtu mzima."

Mtu mzima nilikuwa mimi. Nilikuwa na begi begani na mkono juu ya zipu. Nilikuwa nasikia lile neno moja tu, mama yake alizaliwa wapi. Niliona daftari lile likifika Ujiji, likigonga mlango wetu. Nikatazama chini kwenye mawe ya reli. Zipu sikuifungua. Sidhani kama ilipita hata dakika moja, lakini ilitosha.

"Basi," akasema ofisa.

Mwalimu hakunisihi. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi aliyoandika kikosi cha siku ya pili, akanipa. "Winga wao wa kulia ana mbio," akasema. "Beki wetu asimfuate mpaka kati. Mwambie asubiri." Kisha akaondoka nao, begi lake dogo mkononi, akiwa ndani ya jezi ya mazoezi ya klabu yetu.

Tabora tulifungwa mabao matatu. Beki wetu alimfuata yule winga mpaka kati, nami nilikuwa nimesahau kumwambia. Mechi iliyofuata tulitoka sare, ya mwisho tukashinda, tukamaliza wa tatu. Mjini watu walisema bahati mbaya. Mwenyekiti alisema sheria ni sheria, tungefanyaje. Hakuniuliza habari ya barua, na wachezaji hawakuisema, angalau mbele yangu. Yule kiungo alihamia timu nyingine mwezi uliofuata. Hakuja kuniaga.

Mama nilimweleza. Alikuwa anachambua dagaa, akaendelea kuchambua.

"Uliogopa kwa ajili yangu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ungesema. Mimi ni mzee, wangenipeleka wapi?"

Hakurudia tena. Lakini tangu siku ile, nikifika kula, alinipakulia na kutoka nje.

Ilinichukua miezi miwili kwenda kumtafuta. Nilipata barua ya ruhusa kutoka kazini, nikapanda lori la mahindi mpaka karibu na kambi aliyopelekwa, nikatembea. Nilikuta nyumba za udongo na nailoni, mistari kwa mistari, na vumbi jekundu juu ya kila kitu. Nilimkuta amekaa mbele ya kibanda, anamsuka nywele mtoto wa kike. Alikuwa anakosea, anafumua, anaanza upya. Nilijua ni nani kabla hajaniambia.

"Karibu, nahodha," akasema.

Nikakaa chini. Nikaanza maneno niliyoyapanga njiani, akanyoosha mkono nisubiri. Alimaliza msuko mmoja, akamtuma mtoto kwa jirani, ndipo akazungumza.

"Siku ile sikukasirika," akasema. "Nilikasirika baadaye, nikiwa hapa. Nilikukasirikia sana. Nataka ulijue hilo."

"Ni haki yako, Mwalimu."

"Halafu wiki ya pili nikasikia jina la mtoto huyu linaitwa kwenye foleni ya maji." Akatazama kwa jirani alikomtuma mtoto. "Walifika salama. Upepo uliwapeleka kusini, kama alivyosema yule baharia. Mama yake aliugua, akakaa hospitali ya kambi miezi mitatu. Jina walilikosea kwenye orodha, herufi mbili. Alikuwa akiulizia habari zangu kwa kila anayefika. Alifariki wiki moja kabla sijaletwa."

Nilihesabu kichwani bila kutaka. Wiki mbili kabla ya kifo hicho ilikuwa ni ile Ijumaa tuliyorudi kutoka Kibirizi pamoja, nikamwambia amalize ligi kwanza.

Naye alikuwa amekwisha kuhesabu, niliona usoni pake. "Kwa hiyo sijui nikuambie nini," akasema. "Ungenisemea pale stesheni, mtoto huyu angekuwa bado kwa watu. Usingeniambia nisubiri, ningemkuta mwenzangu hai. Lakini mwenye kusubiri nilikuwa mimi. Nilikuwa nataka timu ile ipande. Niliitaka kweli. Nilikuwa nachora mistari ya mpira kwa chaki, mke wangu yuko safari ya siku moja."

Tulikaa. Mtoto akarudi, akanisalimu shikamoo, akakaa kati ya magoti ya baba yake ili amaliziwe nywele. Baadaye akanipeleka penye kaburi, kifusi kimoja kati ya vingi, chenye ubao ulioandikwa jina, sasa kwa herufi zake zote. Alikuwa ameuandika mwenyewe.

Nilikwenda mara tatu nyingine mwaka ule. Nilipeleka sabuni, dagaa, gauni la mtoto ambalo mama alilishona kwa mkono. Tuliongea habari za mpira kidogo sana. Klabu ilinipa mimi timu nifundishe, na msimu uliofuata tukashuka daraja. Nilipomwambia hilo aliuliza tulifungwa vipi mechi ya mwisho, nikamweleza, akatikisa kichwa kama daktari anayesikia ugonjwa anaoujua. Kisha kazi na uvivu wa aibu vikanizuia, nikaacha kwenda.

Miaka ilipita. Ikasemwa amani imerudi kwao, na meli ikaanza kuwarudisha wakimbizi kutoka bandari yetu. Nilikuwa bado karani palepale. Asubuhi moja, nikihakiki magunia gatini, nikamwona kwenye foleni ya kupanda. Alikuwa amezeeka. Binti yake alikuwa amemfikia kimo, amebeba godoro kichwani, anamwelekeza baba yake pa kukanyaga.

Nilivuka kamba nikamshika mkono. Aliuliza habari za nyumbani, nikamwambia mama alifariki, mwaka wa pili sasa. Akavua kofia, akasema kitu kwa Kirundi ambacho sikukisikia vizuri kwa sababu ya injini. Nilitaka kumwomba msamaha. Kambini sikuwahi kulitamka neno lenyewe, nilizunguka tu pembeni yake. Nilifungua mdomo, na mtu mwenye orodha akaita namba yao.

"Tumeitwa," akasema binti.

Wakapanda. Nilisimama gatini mpaka meli ilipotoka kwenye ghuba, kisha nikarudi ghalani, kwa sababu magunia yalikuwa hayajaisha na watu walikuwa wananisubiri.