Ng'ombe wa Babu Ndani ya Televisheni

Juzi, ofisini kwetu Moshi mjini, kijana mmoja alichomoa waya wa printa, akaupuliza kwa nguvu, pfuu, kisha akauchomeka tena. Printa haikupona, lakini mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika Machame, nilikokulia. Nilisikia hata ile harufu ya vumbi linalopata moto nyuma ya televisheni, maana ndivyo Jumamosi zetu zilivyoanza: kaka yangu Godlisten akiipuliza kaseti ya gemu mpaka mashavu yanamvimba, nami nikiomba kimoyomoyo iwake.

Mashine ile ya gemu tuliletewa na Shangazi Ndeshi. Alikuwa akifanya kazi Arusha kwa familia ya wageni, na walipohama wakamwachia. Ilikuwa ya kijivu, ina padi mbili za kuchezea zenye waya mrefu, pamoja na mfuko wa kaseti. Tuliishi kwa Babu na Bibi, na televisheni ilikuwa ya Babu, kwa hiyo ruhusa ilikuwa yake. Babu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini aliyependa kuuliza maswali, na maswali yake yalichosha kuliko viboko.

"Nitatazama kwanza," alisema. "Ikiwa ni upuuzi, shangazi yenu ataifuata."

Tulianza na gemu ya ngumi, kwa sababu Godlisten aliapa kwamba hakuna bora kuliko hiyo duniani. Mwanamke mwembamba alimrukia jitu lenye misuli, akalipiga teke la kifua. Babu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wamegombania nini?"

Hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza.

"Hamjui, na mnashangilia," alisema Babu. "Toa hiyo."

Nikaweka ya magari, ambayo kwangu ndiyo ilikuwa bora. Babu alilifuatilia gari letu jekundu kwa utulivu, akauliza linakwenda wapi. Godlisten akamweleza kwamba linazunguka na kurudi palepale lilipoanzia. Babu akauliza mafuta anaweka nani. Ya magari nayo ikatoka. Ikaja ya kijibwa kinachorukaruka kikichuma matunda angani, na Babu akataka kujua shamba ni la nani na kama kijibwa kimeomba.

Ikabaki kaseti moja tuliyoidharau. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, na ndani yake hakuna aliyepigwa wala kukimbizwa. Kulikuwa na kijana mwenye kofia, kibanda chake, shamba lililojaa mawe, kuku, na ng'ombe mmoja. Godlisten aliichomeka huku ameshaanza kukunja waya wa padi ya pili.

Babu akasogeza kiti mbele.

"Huyo ng'ombe amekula?"

"Bado, Babu."

"Sasa mnangoja nini?"

Hivyo ndivyo mashine ilivyookoka, na hivyo ndivyo sisi tulivyoipoteza. Tangu siku ile padi ilikuwa ya Babu. Vidole vyake vinene vilibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kijana wa watu akawa anamwagilia kuku maji badala ya mboga. "Samahani, mama," Babu alimwambia kuku, bila mzaha wowote. Betri ya ndani ya kaseti ilikuwa imekufa, kwa hiyo ukizima kila kitu kinapotea. Jumamosi iliyofuata Babu alianza upya, na mawe yaleyale, bila kunung'unika.

Kisha siku moja umeme ukakatika ng'ombe akiwa na mimba.

Babu akachukua fimbo yake, akatoka nje polepole, akakataa chai. Bibi alipomwona amekaa kwenye benchi amejiinamia, alikuja kutuuliza kuna msiba gani.

"Babu amepoteza ng'ombe," alisema Godlisten.

Bibi alikimbilia zizini na mwiko mkononi. Alimkuta ng'ombe wetu amesimama pale anatafuna, mzima kabisa, isipokuwa hori lilikuwa tupu. Aliporudi hakukimbia.

"Baba Eliudi, ng'ombe gani amepotea?"

"Wa kwenye televisheni," alisema Babu.

"Na huyu wa nje, anayekupa maziwa? Tangu asubuhi umewatuma watoto wamkatie majani?"

Sisi tukachukua mundu bila kutumwa.

Jumamosi iliyofuata Bibi aliingia sebuleni kwenda kuchomoa waya ukutani. Alishaushika. Akageuka kumtazama Babu, labda amwambie neno la mwisho, macho yake yakaangukia skrini.

"Unapanda karibukaribu hivyo?"

"Nafasi ipo."

"Haipo. Kule tambarare ulipanda hivyohivyo, mahindi yakatoka kama vidole. Nilikwambia, hukusikia." Aliuachia waya. "Toa kwanza lile jiwe."

Akakaa. Kuanzia hapo walikuwa wawili, nasi tukabaki kuwasikiliza wakibishana kuhusu mbolea.

Shamba la tambarare nililijua kwa jina tu. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima Shangazi Ndeshi aliponieleza kwamba, kabla sisi hatujapata akili, Babu na Bibi walikuwa wakishuka huko pamoja kila msimu, alfajiri, Babu mbele na Bibi nyuma, wakibishana njia nzima. Siku moja Babu akateleza kwenye mfereji, nyonga ikavunjika, na hakushuka tena. Shamba akapewa mtu mwingine alime, na Bibi hakutaka hata kwenda kulitazama.

Sisi tuliona wazee wawili wanacheza gemu mbovu kuliko zote. Kijana wa kwenye skrini, ukibonyeza kitufe kimoja, alikuwa anakimbia, na Babu alikibonyeza kila alipoweza. Bibi, macho yake hayakuwa mazuri, alikuwa akilalamika.

"Usikimbie hivyo, Baba Eliudi. Nisubiri basi."

Babu aliachia kitufe. Kijana akasimama katikati ya shamba, akangoja.