Kijiko cha Dawa ya Minyoo

Katika miaka ya thelathini nilikuwa dresa kwenye kambi ya wachimba dhahabu upande wa Geita. Kazi nilijifunzia Shinyanga: kufunga vidonda, kupima dawa, na kumtafsiria daktari Mzungu, ambaye huku kambini alifika mara moja kwa juma.

Wachimbaji wengi walikuwa na safura, upungufu wa damu uletwao na minyoo. Viganja vyao vilipauka, na kupanda ngazi ya shimo kuliwatoa pumzi. Daktari akaleta dawa mpya ya minyoo, maji maangavu yenye harufu tamu. Akaagiza kwamba tangu siku ya kabla ya dawa hadi siku ya pili yake, mtu asiguse pombe.

"Dawa hii ni ya minyoo, si ya mwili," aliniambia. "Inatakiwa ipite tumboni na kutoka. Mtu akiwa na pombe, utumbo unaifyonza, inaingia kwenye damu na kuharibu ini."

Nikawatangazia wote, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma.

Jumatatu asubuhi wakapanga foleni. Daktari hakuwapo. Akaja mbele yangu mtu mzima wa vijiji vya Kahama, mpole, niliyezoea kumwita kaka. Nilipoinua kijiko, pombe ya mtama ilinuka mdomoni mwake.

"Kaka, umekunywa?"

"Nimekunywa, mdogo wangu. Jana tulikuwa matangani, na leo alfajiri nimemalizia iliyobaki. Nipe juma lijalo."

Nyapara alikuwa nyuma yake na fimbo. Alimchukia kwa uzito wake shimoni.

"Mvivu huyu anataka kubaki na minyoo yake ili asichimbe," alisema. "Mpe."

"Daktari amekataza."

"Daktari yuko wapi?"

Akamkaba shingo na kumpanua mdomo kwa kidole gumba, kama anayemnywesha ndama. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa kuwa nyapara alikuwa akinitazama. Nikamimina.

Kufika mchana alikuwa akiyumba. Siku ya tatu macho yake yaligeuka manjano, akashikwa na kwikwi, kisha akatapika damu. Mkojo ukakatika. Nyapara alichungulia mlangoni mwa banda la wagonjwa akauliza, "Bado hajalevuka?" Mgonjwa alimsikia. Alijaribu kujibu, ikatoka kwikwi. Ijumaa akafa.

Daktari alipofika, alimfunua maiti, akambonyeza tumbo, akauliza kama mtu huyu alikuwa amekunywa pombe.

"Alikunywa, akatuficha," nyapara alisema, akaningoja nitafsiri.

Nilitafsiri neno kwa neno, sikuongeza langu. Daktari akanawa mikono.

Mke wa marehemu alifika baada ya siku kadhaa, kwa miguu, tukiwa tumekwisha kuzika. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi chini.

"Aliugua nini, mwanangu?"

"Minyoo, mayu," nilijibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Dawa mlimpa?"

"Tulimpa."

"Minyoo ikatoka?"

"Ilitoka," nikasema. Huo ulikuwa ukweli. Niliiona mwenyewe kwenye ndoo, yote imekufa.

Akanishukuru kwa kumuuguza mumewe. Kisha akaomba blanketi lake, akawafunike watoto. Nyapara alikuwa amekwisha kulichukua, na sikuthubutu kwenda kulidai. Nikamwambia tulimzika nalo.