Mkoba Uliolia Kama Kayamba

Mlangoni mwa jumba moja la afisi katikati ya jiji, askari wa kike alitikisa mkoba wa mwanamke aliyekuwa mbele yangu. Ukalia kama kayamba.

"Nini hii?"

"Ni vitamini tu."

Foleni nzima ilinyoosha shingo. Siku hizi vidonge vikilia mkobani, sisi tunasikia Ukimwi. Jamaa wa nyuma yangu alirudi hatua moja.

Askari aliinama, akajifanya anakagua tena. "Weka pamba kwa hiyo mkebe, dada," akanong'ona. "Mimi yangu niliweka kitambo."

Tangu hapo sishuku mkoba unaolia. Nashuku ule ulionyamaza. Na jana mke wangu alirudi kutoka dukani Kinoo na pamba, nami nimeshindwa kumuuliza ni ya nini.