Kitovu cha Papa

Harufu ya papa mkavu niliichukia kabla sijamwona papa mwenyewe. Miaka ya sabini, sokoni Busia, ilitoka kwenye gunia la mama yake Zuhura, mwanamke wa Pwani aliyeletewa mzigo na madereva wa malori yaliyokwenda Kampala. Meza yake iligusana na ya mama yangu, muuza ngege, samaki wa ziwani, na wateja wetu walikuwa wakihamia kwake mmoja mmoja. Basi mimi na Zuhura, tuliokaa dawati moja darasa la saba, tulichukiana kwa niaba ya mama zetu, na tuliifanya kazi hiyo kwa bidii.

Siku moja mwalimu wa sayansi alifundisha kwamba samaki wote hutaga mayai. Zuhura akanyoosha mkono. Akasema yuko papa mdogo wa miambani, mchana hulala mapangoni chini ya matumbawe, usiku hutoka kuwinda pweza, naye hatagi. Huzaa watoto walio hai, wenye kitovu kama sisi. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Kesho ulete huyo samaki mwenye kitovu. Ukikosa, usirudi hapa."

Akamleta: papa mchanga, mkavu, urefu wa mkono wangu, amepasuliwa mgongoni, tumbo likiwa zima. Mwalimu, mtu wa milimani asiyejua samaki, akaniita mimi. Mimi ni Msamia, mtu wa ziwani, na Msamia akizungumza habari ya samaki, nani atabisha? "Wewe mtoto wa wavuvi, hiki ni kitovu kweli?" Nikapitisha kidole. Ngozi ilikwaruza kama msasa. Katikati ya mapezi ya kifua palikuwa na kovu dogo jembamba, limefunga vizuri. Nilijua si jeraha. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. "Ni alama ya ndoana, mwalimu," nikasema.

Zuhura alinitazama bila kulia. Alichapwa, akachukua papa wake na daftari zake, akatoka. Hakurudi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. Mwaka ule nafasi ya kwanza nikaishika mimi, na nilifurahi, tena sana.

Siku hizi wajukuu wangu husoma vitabuni kwamba papa wa namna hiyo huzaa, na hakuna anayechapwa kwa kulisema hilo. Mwaka jana nilimkuta Zuhura kule mpakani Malaba, akiwauzia chai madereva kwenye foleni ya malori. Nikajikaza. "Zuhura, ulisema kweli. Kilikuwa kitovu."

Akaendelea kumimina. "Nilijua hata siku ile. Unanunua chai, ama unazuia wateja?"