Majani Mabichi ya Mulango

Sokoni, mama mumoja akikata matembele kando yangu, ile harufu ya jani bichi inanipanda puani na mate yananikauka. Wengine wanasikia njaa. Mimi nasikia mulima.

Nyinyi wa Kindu munaoruka leo na ndege, ao munaokalia mizigo juu ya lori, hamujui njia ya Mulango. Ni pengo kati ya milima miwili, upande wa mashariki, jembamba hata watu wenye mizigo hawapishani. Koko, mama wa mama yangu, alitusimulia kwamba watu wa pwani walipitishia pale pembe na watumwa. Mutumwa akifika juu alikata jani akaliacha chini, ndugu akimufuata ajue: amepita hapa, angali muzima. Watumwa waliisha, desturi ikabaki. Kila mupita njia aliacha jani bichi juu ya fungu la majani lililorundikana pale, hata Waislamu wetu waliosema ni upagani. Hao waliacha huku wanatazama pembeni.

Halafu vita yetu ikaja. Gari la moshi likanyamaza, barabara kubwa ikashikwa na waasi, chumvi ikapotea, tukawa tunakula sombe, majani ya muhogo, kama dawa. Mudogo wangu Amisi alikuwa kwa Koko, ng'ambo ya milima. Mama alimupeleka huko kumuachisha ziwa, na vita ikamufungia. Aliposikia wanawake wa Mikelenge, mutaa wetu, wanataka kupita Mulango kutafuta chumvi, mama alinifunga kitambaa kichwani, tukaenda nao. Nilikuwa darasa la nne. Sikurudi tena shuleni.

Aliyetuongoza ni Shabani, jirani yetu, muntu aliyekula kwetu kila alipogombana na muke wake. Kabla ya vita alisukuma kinga, baiskeli iliyobeba mafuta ya mawese, katika njia ile, akaijua jiwe kwa jiwe.

Kule juu, kwenye fungu, niliweka jani langu.

"Weka jani kubwa, Zaina," Mama Furaha, mumoja wa wale wanawake, aliniambia. "Mwenye mulima asifikiri tumemuletea panya."

"Huyu anakula kama ng'ombe, anaacha jani la mbuzi," Shabani akasema.

Tulicheka wote, hata mama. Nikaongeza la pili.

Tulipofika kwa Koko, Amisi hakumujua mama. Alilia, akajificha katika kikwembe cha Koko. Mama akakaa chini, akawa anabandua karanga na kuziweka mbele yake moja moja, bila kumuita, mupaka mutoto akasogea. Jua lilipozama alikuwa amelala kifuani pake, na mama hakutaka hata kunyoosha muguu.

Siku ya kurudi Shabani alisema muguu umevimba. "Mutangulie, Mama Zaina. Mimi nitakuja polepole." Nilimuonea huruma nikamupa ndizi yangu ya kuchoma.

Mulangoni tulikuta askari. Mukubwa wao, Komanda Jeremi, si muntu wa kwetu. Kiswahili chake kilikuwa kinajikwaa. Alikalia fungu lenyewe, akitafuna muwa.

"Mumechelewa," alisema. "Majani yenu yamekauka tukiwangojea."

Akaamuru wanawake wainue tena mizigo ya chumvi na kumufuata porini. Alipoona Amisi mugongoni kwa mama, akasema, "Huyo mushushe. Sitaki kelele."

Mama alifungua kikwembe, akamufunga Amisi mugongoni kwangu, akakaza fundo hata kifua kikaniuma. "Usimushushe mupaka nyumbani," akaniambia. Wakaenda musitari mumoja. Hakurudi hata mumoja wao.

Kwa akili ya mutoto nilifikiri wale askari ni waganga, majani yanawasemesha. Ukubwani njo nilielewa. Kwa muntu wa mbali, jani ni jani tu. Wa kumuambia kwamba mabichi ni watu waliopita, na kwamba waliopita watarudi na mizigo, alitoka kwetu. Alama ya kuonyesha wazima iligeuzwa kuwa ya kuwawinda. Na Shabani alirudi Kindu akitembea vizuri, na chumvi ya kuuza.

Jeremi, nasikia, alipewa cheo. Shabani ana depo ya kuuzia sima, saruji ya kujengea, hapa hapa Mikelenge. Nilimuuliza kwenye matanga, mbele ya watu. Alikunywa chai yake, akasema, "Dada, vita njo ilikula mama yako." Watu wakatazama mikeka.

Amisi njo anabeba mifuko katika depo ile. Anamuita Shabani papa, kama baba yake. Nilimueleza yote, na akanisikiliza mupaka mwisho, akipangusa vumbi kwenye kope.

"Naamini, dada," akasema. "Lakini kesho nitakula wapi?"

Kila jioni anarudi mweupe kama maiti. Ninamutilia maji ya kuoga.