Samli Juu ya Poda

Nakumbuka siku moja honi ya meli iliniingia masikioni kabla macho yangu hayajaona chochote. Nilikuwa nimelala chali kitandani, nyumbani kwetu Mirongo, ute wa yai ukinikaukia usoni, macho nimeyafumba kwa amri. Honi ikalia tena kutoka bandarini, ndefu. Ilikuwa meli ya Nansio, kutoka kisiwani. Ndani yake alikuwemo bibi yangu mzaa baba, na mimi siku hiyo nilikuwa naolewa.

"Usitabasamu," akasema Adela. "Ute utapasuka."

"Nitabasamu nini? Naogopa."

"Basi ogopa bila kukunja uso."

Adela alikuwa rafiki yangu tangu shuleni. Alikuwa na saluni ya chumba kimoja karibu na soko, na ndiye aliyekuwa mpambe wangu. Mwanangu, wewe uliyeniuliza juzi kwa nini poda yako inayeyuka kabla ibada haijaisha, nisikilize. Jibu lako ninalo, lakini siwezi kukupa bila kukupitisha kwenye chumba kile.

Ngozi yangu ilikuwa ya mafuta tangu nilipovunja ungo. Darasani waliniita Kikaango. Jua lilipopanda kidogo tu, paji la uso wangu na pua vilianza kung'aa, na aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Jamani, leteni samaki!" Nikimlalamikia mama, hakuelewa. Kwetu, uso mkavu ndio uliokuwa aibu. Mtoto aliyepauka alionekana mtoto asiye na mtu, kwa hiyo tulipakwa mafuta kila asubuhi, matajiri kwa maskini, mpaka tukang'aa.

Kisha ikaja miaka ile maduka yalipofunguka. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni tukaanza kuona poda za kila rangi zimetandikwa chini mjini, wanja, rangi za mdomo, na krimu ambazo hata muuzaji hakujua zinatibu nini. Na pamoja na poda ikaja video. Harusi isiyopigwa video ikawa kama haikufungwa.

Hapo ndipo hofu yangu ilipozaliwa. Rhoda, binti wa mama yangu mkubwa, aliolewa kabla yangu, na sherehe yake ilifanyika Pasiansi, uwanja ukitazama ziwa. Ulikuwa msimu wa wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Mpiga video alipowasha taa yake, wadudu wakaifuata taa, na taa ilikuwa ikimfuata Rhoda. Uso wake ulikuwa umepakwa mafuta kwanza, halafu poda nyingi juu yake, na joto lilikuwa limeshaugeuza kuwa uji. Wakanasa. Kwenye paji la uso, kwenye mashavu, mmoja kwenye mdomo alipokuwa akilishwa keki.

Kanda ile ilizunguka mji mzima. Kila nyumba yenye deki ya video iliiomba. Nimekaa kwenye sebule za watu nikiwasikia mashemeji wakipiga kelele, "Simamisha hapo! Rudisha nyuma! Yule wa puani umemwona?" Rhoda akaacha kujitokeza sebuleni wageni wakija. Na mimi nilikuwa nimepangiwa uwanja uleule, mpiga video yuleyule, msimu uleule.

Kwa hiyo nikaanza vita. Asubuhi, mchana na jioni niliosha uso kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, nikausugua kwa dodoki mpaka ukawaka moto. Kwa nusu saa ungenitazama ungeona ngozi kavu, imevutika kama ya ngoma. Kisha mafuta yakarudi, tena mengi kuliko jana. Adela alinikuta uani nikisugua.

"Unaosha uso au unaosha sufuria?"

"Hayatoki, Adela. Nikiyatoa yanarudi."

"Yatarudi tu. Ngozi ukiitisha inajihami. Lete hilo dodoki."

Akalitupa juu ya bati la jirani.

Tangu siku hiyo alinisimamia yeye. Maji ya baridi, sabuni laini ya kuogea, asubuhi na jioni basi. Baada ya kuosha, losheni nyepesi tone dogo, maana ngozi ya mafuta nayo inataka maji. Uso ukatulia kidogo, ila hofu haikutulia. Usiku niliota taa.

Basi siku yenyewe aliniosha ute, akanipaka krimu ya rangi kwa ncha za vidole, nyembamba, akingoja kila sehemu ikauke. Kisha akachukua toilet pepa, akaigawa mpaka ikabaki karatasi moja laini, akaniwekea usoni na kubonyeza. Alibonyeza tu, hakusugua. Karatasi ilipobanduka ilikuwa na madoa ya mafuta, paji la uso, pua, kidevu, kama picha ya mtu. Ndipo akaweka poda hapo tu, kidogo, akiigandamiza. Aliponipa kioo sikuamini. Sikung'aa popote. Nikakaa mbele ya feni bila kucheka, bila kula, nikipumua taratibu kama niliyebeba ndoo ya maji kichwani.

Bibi akaingia akiwa bado na harufu ya ziwa kwenye kitenge chake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akasimama, akanitazama, uso wake ukabadilika. "Kulikoni? Unaumwa? Mbona umepauka hivi?"

Adela akaziba mdomo. Bibi akaketi, akafungua pindo la kitenge kifuani, akatoa kichupa. Nilikijua kabla hajakifungua. Kwao, binti hatoki nyumbani mpaka bibi mzaa baba ampake samli usoni kwa mkono wake mwenyewe. Akishampaka, anamwombea, binti anavuka kizingiti, na bibi huyohuyo anafunga mlango nyuma yake. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuufunga. Shangazi zangu walitoka hivyo. Rhoda hakutoka hivyo, kwa kuwa ni wa upande wa mama.

Samli, mwanangu. Mafuta ya ng'ombe, juu ya uso ule.

"Bibi, nipake mikononi," nikasema.

"Mikono inaolewa?"

"Kuna taa, bibi. Na wadudu. Watanicheka."

"Nani?"

Sikuweza kuwataja. Walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepanda meli kwa ajili yangu.

Bibi alikifunga kichupa polepole. Hakupandisha sauti. "Mimi nimetoka Nansio gizani nimekumbatia hiki kifuani kisigande," akasema. "Uso wa binti uking'aa, watu wanajua ametoka kwa watu. Ninyi mnataka ukauke kama ukuta. Sawa. Uso ni wako." Akainuka, akaenda chumba cha nyuma.

Nje honi za magari zikaanza kulia. Upande wa bwana harusi walikuwa wamefika. Nikasikia vigelegele, nikasikia mpiga video akiwaambia watu wasogee. Baba akabisha mlango wa chumba, akauliza kama tuko tayari. Nilikuwa tayari, uso mkavu, gauni jeupe, na nikagundua kwamba siwezi kutoka. Nikitoka, nani angefunga mlango? Mama asingethubutu. Mlango ungebaki wazi nyuma yangu, na kwa watu wa kwetu, aliyetoka na mlango ukabaki wazi hajatolewa, ametoroka. Jasho likaanza kunitoka mgongoni, kisha juu ya mdomo. Poda ilikuwa inaharibika yenyewe, kwa hofu tupu, kabla ya taa, kabla ya wadudu, kabla ya samli.

Nikaenda chumba cha nyuma nikapiga magoti na gauni langu.

"Bibi, nipake."

"Nikupake wapi? Naona kila mahali pana mwenyewe."

"Popote utakapo."

Bibi akakifungua tena kichupa. Kisha akamwita Adela. "Wewe fundi, njoo. Hii poda yako mahali gani inavumilia?"

Adela akapiga magoti pembeni yangu. "Hakuna, bibi. Ila katikati ya paji, karibu na nywele, shela itapafunika kidogo."

Bibi akachovya dole gumba, akapitisha mstari mmoja, kuanzia kwenye nywele kushuka mpaka katikati ya nyusi zangu. Hakujali shela. Samli ilikuwa ya vuguvugu kutoka kifuani mwake. Kisha akachukua ile karatasi mkononi mwa Adela, akaikunja, akanibonyeza juu ya mdomo palipotoka jasho. "Hivi?" akauliza. "Hivyo hivyo, bibi," Adela akajibu, na sote watatu tukacheka, na poda yangu ikakunjamana mashavuni, na sikujali tena.

Kanda yangu bado ipo, ingawa imechakaa na picha inarukaruka. Uso wote umetulia, na katikati ya paji kuna mstari unaowaka kila taa inapoupitia. Ukiangalia vizuri wakati wa keki, kuna mdudu mmoja amekuja akatua hapo. Unaniona nimemhisi. Sikumfuta.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Usiuadhibu uso wako. Uoshe kwa maji na sabuni laini, asubuhi na jioni, uiache ngozi ipumzike. Usiweke poda juu ya mafuta. Bonyeza kwanza kwa karatasi, kisha poda kidogo pale panapong'aa, ya rangi yako mwenyewe. Ukifika ibadani ukang'aa tena, bonyeza, usirundike. Krimu zinazoahidi kukubadilisha rangi ziache zilipo. Na kabla hujauficha mng'ao wote, jiulize unamwogopa nani, na kama huyo mtu angepanda meli gizani kwa ajili yako. Ukimpata aliyepanda, mwachie mahali pa kukugusa.

Baraka nyingine sina, mwanangu, ila ile niliyopewa. Bibi alinishika mashavu na harusi yote ikinisubiri nje, akasema: "Nenda. Watakaokutazama wakuone. Watakaokucheka wachoke. Jasho lako likauke kwenye nyumba yako, na usikose kamwe mkono wa kukupangusa. Sasa usigeuke."

Nami nakutamkia hayohayo.

Nikavuka kizingiti. Taa ya video ikanipiga usoni, nikafumba macho, na katika lile giza dogo nikausikia mlango ukifungwa nyuma yangu.